Kisukari cha Mbwa Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji wa Tanga

Maswali haya yanatufikia kila mara kutoka kwa watu wanaofuga mbwa Ngamiani, Chumbageni, Raskazone, Makorora na hadi huko Pongwe. Wengi huuliza wakiwa wameshaambiwa na mtu kwamba mbwa mwenye kisukari ni wa kufa tu. Si kweli. Anachohitaji ni chakula kilekile, sindano ileile, kwa saa ileile, kila siku, na mtu mmoja nyumbani aliyekubali kulibeba jambo hilo. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari wa mifugo. Kipimo cha dawa cha mbwa wako anakipanga daktari aliyempima, si jirani wala mtandao.

Nitajuaje kuwa ni kisukari na si joto tu la Tanga?

Swali la msingi, maana kuanzia Desemba hadi Machi kila mbwa huku anahema na kulamba maji. Tofauti ni kwamba mbwa wa kisukari anakunywa usiku na mchana, hata siku za masika hewa ikiwa imepoa. Anakojoa sana, na yule aliyezoea kujizuia hadi asubuhi anaanza kukojoa ndani au barazani. Anakula kwa pupa, tena anadai zaidi, na bado anakonda hadi uti wa mgongo unahesabika kwa kidole. Dalili hizo nne zikikutana, usingoje.

Kitu unachoweza kufanya leo ni kupima maji. Jaza bakuli lake kwa chupa unayoijua ujazo, andika kila unapoongeza, na kesho muda uleule ujumlishe. Mbwa mzima kwa kawaida hapiti mililita 60 hivi kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Akipita mililita 100 kwa kilo, kuna jambo. Yaani mbwa wa kilo 20 anayemaliza lita 2 kila siku apelekwe kwa daktari, na hiyo karatasi uende nayo.

Wengi hapa hugundua kwa sisimizi: mbwa anakojoa chini ya mwembe, baada ya muda mfupi sisimizi wamejaa pale. Ni dalili ya kuisikiliza, lakini si kipimo. Daktari atapima sukari kwenye damu na kwenye mkojo pia, kwa sababu kiu na kukojoa vinaletwa vilevile na ugonjwa wa figo, na kwa jike vinaletwa na usaha kwenye kizazi. Sukari ya mbwa mzima kabla ya kula huwa kati ya milimoli 4.4 na 6.6 kwa lita. Ikipanda kufika 10 hadi 12, figo zinashindwa kuirudisha mwilini, sukari inatoka na mkojo, na maji yanaifuata. Kiu yote ile inaanzia hapo.

Amepataje kisukari wakati hanywi hata soda?

Kwa mbwa, mara nyingi seli za kongosho zinazotengeneza insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu) zimeharibika zenyewe, ama kwa kinga ya mwili kuzishambulia, ama kwa kongosho kuvimba mara kwa mara. Mafuta mengi ya nyama yanachangia huko kuvimba. Unene nao unafanya insulini isifanye kazi vizuri. Ugonjwa huu huonekana zaidi kwa mbwa wa makamo na wazee, na majike wanapata zaidi ya madume. Vilevile dawa za jamii ya prednisolone na dexamethasone, ambazo mbwa wenye mwasho hupewa mara kwa mara, zinapandisha sukari. Kama mbwa wako alichomwa sindano za mwasho miezi ya karibuni, mwambie daktari.

Kwa nini asipewe vidonge kama baba yangu?

Kwa sababu kisukari cha baba na cha mbwa wako kwa kawaida si aina moja. Vidonge vingi vya kisukari cha watu wazima vinategemea kongosho ambalo bado linatoa insulini, vikilisukuma litoe zaidi au vikiusaidia mwili kuitumia ile iliyopo. Kongosho la mbwa mwenye kisukari karibu halitoi kitu. Kumpa metformin au glibenclamide ni kumpotezea siku, na siku anazopoteza ndizo zinazomfikisha kwenye kutapika na kulala asiinuke.

Jibu ni hilohilo kwa mlonge, mwarobaini, shubiri na mdalasini. Sizidharau dawa zetu. Ila hakuna mti unaoweza kuziba nafasi ya insulini ambayo mwili hautengenezi kabisa. Nimeona mbwa akiletwa akiwa amechelewa kwa sababu hiyo, na mwenye mbwa alikuwa anampenda kweli.

Na tukumbuke insulini yenyewe tunaijua kwa sababu ya mbwa. Mwaka 1889 Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimwondoa mbwa kongosho, naye akapata kisukari. Mwaka 1921, huko Toronto, Frederick Banting na Charles Best waliwatibu mbwa wenye kisukari kwa maji waliyoyakamua kwenye kongosho la mbwa wengine. Januari 1922 ndipo mtu wa kwanza akachomwa dawa ile. Kila mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini leo ana deni kwa wanyama hawa, kwa hiyo usimwonee haya mtu anayekushangaa kumtibu mbwa wako.

Nimesikia insulini ya mbwa inatoka kwa nguruwe. Sisi ni Waislamu, tufanyeje?

Ipo insulini ya wanyama iliyotengenezwa kwa kongosho la nguruwe, na madaktari wanaipenda kwa sababu ya kitaalamu: insulini ya nguruwe na ya mbwa zimeundwa sawasawa kabisa. Lakini si hiyo peke yake. Insulini ya binadamu aina ya NPH inatengenezwa maabara kwa kutumia vijidudu, haina nguruwe ndani yake, na mbwa wengi wanaendelea nayo vizuri. Mwambie daktari mapema unachotaka kuepuka. Upande wa dini muulize sheikh wako. Hilo si la daktari kukuamulia.

Bibi yetu nyumbani anachoma insulini. Naweza kuchota kidogo kwenye chupa yake?

Hapana, hata kama zinafanana. Madukani zipo insulini za aina tofauti. Inayofanya kazi haraka ni angavu kama maji. NPH ina ukungu mweupe, na ile ya mchanganyiko nayo ina ukungu vilevile, kwa hiyo kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mbwa aliyepangiwa NPH akichomwa ya mchanganyiko, sukari inaweza kushuka ghafla saa ambayo hukuitarajia. Zaidi ya hapo, sindano iliyoingia kwa mbwa kisha ikaingia kwenye chupa ya bibi inamletea bibi vijidudu. Mbwa awe na chupa yake, na sirinji zake, na jina lake liandikwe juu kwa kalamu ya wino mzito.

Umeme unakatika na friji hatuna. Insulini nitaitunzaje?

Hapa ndipo mbwa wengi wa pwani wanapoharibikiwa bila mwenyewe kujua. Dawa ipo, sindano inachomwa, lakini sukari haishuki kwa sababu chupa ilipikwa na joto.

Chupa ambayo haijafunguliwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, ndani ya friji, mbali na sehemu inayogandisha. Insulini iliyoganda hata mara moja itupwe, isiyeyushwe na kutumiwa. Iliyofunguliwa, kwa insulini nyingi za binadamu, inavumilia wiki kadhaa mradi joto lisipite nyuzi 30. Soma karatasi iliyomo kwenye boksi, na tarehe ya kufungua iandike kwenye chupa. Shida yetu ni kwamba chumba cha bati Ngamiani mwezi wa Februari kinapita nyuzi 30 kwa urahisi.

Kama una jirani mwenye friji unayemwamini, mwombe nafasi. Kama huna, tumia vyungu viwili. Kimoja kikubwa, kingine kidogo kinachoingia ndani yake, na nafasi ya katikati ijae mchanga. Mwagia mchanga maji asubuhi na jioni. Chupa ya dawa iingie kwenye kikopo kikavu chenye mfuniko, kikopo kiwe ndani ya chungu kidogo, juu funika kitambaa kibichi, na vyote vikae kivulini panapopita upepo. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, kwa hiyo chungu hakipozi huku kama kingepoza Dodoma, ila kinapunguza. Wakati wa kaskazi ongeza njia nyingine: termosi pana au boksi la barafu lenye barafu za mfuko, na kitambaa kinene katikati ili chupa isiguse barafu. Kipimajoto kidogo cha kuweka humo ndani ni pesa iliyotumika vizuri kuliko pesa nyingine yoyote utakayotumia kwenye ugonjwa huu.

Usiiache chini ya siti ya pikipiki, wala kwenye gari lililoegeshwa juani, wala dirishani. Ukiona vipande vinavyoelea ambavyo havichanganyiki, au rangi imebadilika, nunua nyingine.

Sirinji ni sirinji, si ndiyo?

Siyo, na hili lina uzito kuliko yote kwenye ukurasa huu. Insulini zinauzwa kwa nguvu mbili. U-40 ina yuniti 40 kwa kila mililita, na insulini nyingi za wanyama ni hiyo. U-100 ina yuniti 100 kwa mililita, na insulini za binadamu zinazouzwa kwetu ni hiyo. Kila moja ina sirinji yake, na mistari ya sirinji imehesabiwa kwa nguvu hiyo tu.

Tuseme daktari amepanga yuniti 8. Ukichota insulini ya U-100 kwa sirinji ya U-40 hadi mstari wa 8, umemchoma yuniti 20. Hiyo inaweza kumuua jioni hiyohiyo. Ukikosea kinyume chake, U-40 kwa sirinji ya U-100, anapata yuniti 3 na kidogo, na utashangaa kwa nini anaendelea kukonda. Duka la dawa likikuambia "hizi zote ni sawa tu", geuka uondoke. Namba kwenye chupa na namba kwenye sirinji lazima zifanane. Kama sirinji yenyewe haijaandikwa U-40 wala U-100, bali mililita tu, usiitumie.

Namchomaje bila kumwumiza?

Sindano za insulini ni nyembamba sana na mbwa wengi hawashtuki. Anayetetemeka mara nyingi ni mwenye mkono. Omba daktari akuoneshe, kisha umchome mbele yake, umchome tena kesho yake, kabla hujaachwa peke yako.

Insulini ya NPH isitikiswe kwa nguvu. Ilaze chupa katikati ya viganja, iviringishe taratibu hadi weupe ulioshuka chini uenee wote. Aina nyingine zina maelekezo yake, yafuate. Chota, geuza sirinji juu, gonga kwa ukucha povu lipande, lirudishe, kisha sawazisha mstari kwenye mwanga.

Mbwa anapokula au akishamaliza, simama ubavuni mwake. Shika ngozi iliyolegea ya ubavu kati ya bega na nyonga, ivute juu iwe kama kihema, na sindano iingie chini ya kihema hicho sambamba na mwili. Ukiipitisha ukatokea upande wa pili utaona manyoya yamelowa na harufu ya dawa itakuja puani. Hapo hujui dawa imeingia kiasi gani. Usirudie. Acha hadi zamu inayofuata. Kila siku badilisha mahali: leo kulia mbele, jioni kushoto, kesho nyuma kidogo. Ukichoma palepale ngozi inakuwa ngumu na dawa haiingii sawasawa. Shingoni juu, ambako watu wengi wanapenda, damu inayopita ni kidogo. Ubavu ni bora zaidi.

Sirinji moja, sindano moja, kisha iingie kwenye dumu la plastiki gumu lenye mfuniko. Likijaa lipeleke kwa daktari au hospitali wanakochoma taka za sindano. Usitupe jalalani. Kuna vijana wanaookota chupa pale kwa mikono mitupu.

Saa ngapi inafaa?

Mara mbili kwa siku, saa 12 kati ya sindano na sindano. Wengi hapa wanachagua saa 1 asubuhi na saa 1 usiku, au saa 12 na saa 12. Kwetu jua halisogei sana mwaka mzima, kwa hiyo walio karibu na msikiti hutumia adhana ya magharibi kama kengele, na asubuhi wanahesabu kutoka hapo. Mwezi wa Ramadhani nyumba nzima hubadilisha saa za kula. Za mbwa zisibadilike. Alishwe na kuchomwa saa zake, futari iwe tayari isiwe tayari.

Ukichelewa kwa saa moja au mbili, mlishe na umchome, kisha urudi kwenye ratiba. Zaidi ya hapo mpigie daktari, na asipopatikana ruka hiyo zamu. Kamwe usichome mara mbili kufidia. Na kama mama amechoma na baba hajui kama mama amechoma, msichome. Sindano moja iliyoachwa haimdhuru kama sindano mbili.

Ale nini? Huku chakula cha mbwa cha madukani ni ghali.

Hakuna ulazima wa chakula cha boksi. Kinachotakiwa ni chakula kisichobadilika: aina ileile, uzito uleule, milo miwili iliyo sawa, kila mmoja ukienda na sindano yake. Insulini ya leo imepangwa kwa chakula cha jana. Ukimlisha dona leo, kesho muhogo mtupu, keshokutwa pilau la harusi, hakuna daktari atakayeweza kukupangia dozi.

Mfano unaofaa nyumba nyingi: ugali wa dona, si sembe iliyokobolewa, kwa sababu dona ina makapi yanayochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Humo changanya samaki aliyechemshwa na kutolewa miba, au mapafu, au nyama isiyo na mafuta. Mchicha au majani ya kunde yaliyochemshwa yanaongeza makapi. Dagaa wanafaa, ila wale wa chumvi waloweke na umwage maji. Pima kwa bakuli moja au kikombe kimoja ambacho hakitumiki kwa kazi nyingine. Mwoneshe daktari mchanganyiko wako, maana mbwa aliyekonda na mbwa mnene hawapimiwi sawa.

Pumba na unga vikague. Vikiwa na harufu ya uvundo au ukungu, tupa. Sumukuvu inaharibu ini la mbwa na inaua hata asiye na kisukari.

Makombo ndiyo vita kubwa. Vitumbua, maandazi, kalimati, chai ya maziwa iliyobaki kikombeni, embe lililoanguka, mabaki ya juisi ya miwa: vyote hivyo vinapandisha sukari, na watoto wanavitoa kwa huruma. Kaa na watoto uwaeleze. Mtoto akiambiwa kuwa andazi linamwumiza Simba, yeye ndiye atakayewazuia wageni. Mafuta ya nyama na mabaki ya chipsi pia hapana, kwa ajili ya kongosho. Vitunguu na zabibu ni sumu kwa mbwa yeyote.

Na jihadhari na peremende na bazoka "zisizo na sukari" ambazo wagonjwa wa kisukari wananunua. Baadhi zina zailitoli, tamutamu ambayo kwa binadamu haina neno, lakini kwa mbwa inashusha sukari ghafla na kuharibu ini. Mbwa akila pakiti, ni dharura hata kama anaonekana mzima.

Leo amegoma kula. Nimchome?

Usimchome dozi kamili. Ndiyo sababu tunasema alishwe kwanza, sindano ifuate. Asiyekula kabisa au aliyetapika alichokula, mpigie daktari kabla ya kushika sirinji. Mara nyingi atakuambia upunguze hadi nusu au uache, ila aseme yeye, na inafaa umwombe siku ya kwanza akuandikie la kufanya. Akigoma mlo wa pili pia, apelekwe siku hiyohiyo.

Sukari ikishuka nitaonaje, na nifanye nini?

Sukari kupanda kunamdhoofisha mbwa kwa siku na wiki. Kushuka kunaweza kumuua mchana mmoja. Kwa hiyo kila mtu wa nyumba, hata dada wa kazi na mlinzi, ajue haya.

Chini ya milimoli 3.3 kwa lita ni hatari. Huanza kwa mbwa kuonekana kama hana raha: anazungukazunguka, anaomba chakula nje ya saa yake, au ananyamaza kusiko kwa kawaida. Kisha miguu ya nyuma inayumba kama ya mlevi, anatetemeka, anagonga vitu, anakutazama kama hakujui. Mwisho ni degedege na kuzimia. Mara nyingi hutokea katikati ya sindano mbili, saa sita hadi nane baada ya kuchomwa, yaani mchana kila mtu yuko kazini, au usiku wa manane.

Kama bado anasimama na anameza, mpe chakula chake mara moja. Akikataa, mpe asali au glukosi ya unga iliyokorogwa, kijiko kimoja kikubwa kwa mbwa wa wastani. Kama amezimia au ana degedege, usimmiminie kitu kooni, kitaingia kwenye mapafu. Paka asali kwenye fizi kwa kuinua mdomo wa pembeni, na vidole usivipitishe katikati ya meno. Mlaze ubavu. Mtu mwingine awe anampigia daktari na kutafuta bajaji. Akizinduka, mlishe kidogo kidogo na aende kwa daktari hata kama anatingisha mkia, kwa sababu insulini bado iko mwilini na sukari inaweza kushuka tena. Sindano inayofuata haichomwi hadi daktari aseme.

Chupa ndogo ya asali ikae kwenye kamba au rafu karibu na mahali mbwa anapolala. Si jikoni nyuma ya madumu.

Naweza kumpima sukari mwenyewe?

Ndiyo, na wanaojifunza wanalala usingizi. Mashine ya kupima sukari ya binadamu inafanya kazi. Tone la damu unalipata ukingoni mwa sikio: lipashe kwa kitambaa cha uvuguvugu, toboa ukingo wa ndani, minya taratibu, ligusishe stripu (kijikaratasi cha kupimia cha mashine). Fahamu tu kwamba kwa damu ya mbwa mashine hizi huwa zinasoma chini kidogo ya ukweli.

Hatutafuti namba ya mbwa asiye mgonjwa. Mbwa anayekaa kati ya 5.5 na 14 sehemu kubwa ya siku, anakunywa maji ya kawaida na ameanza kunenepa, anaendelea vizuri. Namba moja mbaya isikufanye uongeze dozi. Dozi hubadilishwa na daktari, na baada ya kuibadilisha anahitaji wiki moja hadi mbili kuona matokeo. Kutulia kabisa kunaweza kuchukua miezi. Subira hapo ni sehemu ya matibabu.

Stripu za mkojo nazo zinasaidia, hasa kwa sababu nyingi zinaonesha ketoni, yaani asidi zinazojaa mwilini unapochoma mafuta kwa kukosa insulini. Ketoni zikionekana kwa mbwa anayetapika, aliyelegea au anayepumua kwa harufu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, usiku huohuo atafutiwe daktari. Hiyo hali haitibiki nyumbani.

Jike wangu hajaondolewa kizazi. Kuna shida?

Kuna shida kubwa. Baada ya kutoka kwenye kipindi cha kutaka dume, homoni za jike zinaufanya mwili ukatae insulini, na hilo linaendelea kwa wiki nyingi. Dozi iliyokuwa sawa inakuwa bure. Aondolewe kizazi mara daktari atakapoona hali inaruhusu. Baadhi ya majike waliogunduliwa mapema katika kipindi hicho kisukari kimeondoka baada ya upasuaji. Kumzalisha tena mbwa mwenye kisukari, hapana.

Macho yameingia weupe. Ni kwa sababu sikumtunza?

La. Mtoto wa jicho huwapata mbwa wengi wenye kisukari, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza, hata wanaotunzwa vizuri. Sukari inaingia ndani ya lenzi ya jicho na kuvuta maji. Upasuaji wake upo, ila unahitaji mtaalamu wa macho ya wanyama na vifaa vyake.

Lakini usikubali kila weupe ni kisukari. Mbwa anayefuatana na watu mashambani Pangani au pembezoni mwa Saadani anaumwa na mbung'o, na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, kwa mbwa huleta weupe wa jicho kwa juu, pamoja na homa na kukonda. Hiyo ina dawa yake, na ikichelewa inaua. Magonjwa ya kupe nayo yanavuruga sukari iliyokuwa imetulia. Kwa hiyo weupe wa jicho upelekwe ukaonwe.

Mbwa aliyepofuka anajua nyumba yake kwa pua. Usihamishe makochi, bakuli likae palepale, kisima kifunikwe, na umwite jina kabla ya kumgusa.

Anaweza kuendelea kulinda na kukimbia ufukweni?

Anaweza, mradi iwe kiasi kilekile kila siku. Mbio za ghafla au kuogelea kwa muda mrefu Jumapili moja vinatumia sukari nyingi na kuishusha. Chanjo ya kichaa cha mbwa iendelee kila mwaka kama kawaida.

Gharama zikinishinda?

Mwambie daktari ukweli siku ya kwanza, siyo siku dawa imeisha. Vipo vya kupunguza: NPH badala ya insulini ya wanyama, chakula cha nyumbani, stripu chache kwa siku alizochagua daktari. Kisichopunguzwa ni sindano mbili za siku. Kama kweli haiwezekani, na mbwa anaendelea kukonda na kuteseka, kumwomba daktari amlaze usingizi wa milele bila maumivu ni uamuzi wa huruma. Kumfungia nyuma ya nyumba afe taratibu, au kumtelekeza sokoni, si huruma.

Nasafiri kwenda Dar wiki nzima. Nimwachie nani?

Mwachie mtu aliyewahi kumchoma mbele yako, si aliyeelezwa kwa simu. Bandika ukutani karatasi yenye haya: jina la insulini, U-ngapi, yuniti ngapi, saa ngapi, kipimo cha chakula, la kufanya akigoma kula, asali iko wapi, namba ya daktari. Chini yake chora jedwali la siku, na kila anayechoma aweke alama saa ileile aliyochoma, kabla hajatoka nje. Acha chupa moja ya akiba kwenye friji ya jirani na sirinji za kutosha kupita siku unazotarajia kurudi.